Watoto wa Mutwanga nao wapelekwe kuona maporomoko ya Butahu

Mto Butahu unashuka kutoka mlima Ruwenzori, unapita katika bonde lenye miteremko mikali ndani ya Mbuga ya Virunga, maji yakiruka jiwe kwa jiwe katika maporomoko madogo, hadi kufika Mutwanga, teritwari ya Beni. Tangu 2013 maji hayo yanazalisha umeme. Taa zinawaka, vinu vinasaga, kiwanda cha sabuni kimewahi kutoa kazi.

Lakini watoto wangapi wanaosoma chini ya taa hizo wamewahi kupelekwa kuona maji yanakotoka? Njia hiyo ya mlimani imejulikana zaidi kwa wageni wanaotafuta kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Wakaaji wao wamezoea kusikia neno moja kuhusu mbuga: marufuku. Marufuku kulima, kuwinda, kuchoma makala. Mtu anayekatazwa kila siku bila kuonyeshwa sababu, mwishoni anaona mbuga ni mali ya wengine.

Sababu yenyewe iko pale bondeni. Miti inashika udongo na kuyaachia maji ya mvua polepole. Ikikatwa kwenye miteremko, mvua inateremsha matope mtoni, na matope yanaziba mfereji wa mtambo. Kiangazi maji yanapungua. Mtoto akisimama mbele ya maporomoko na mlinzi wa mbuga akamweleza hayo, ataelewa kuliko kwa mabango kumi ya marufuku.

Wanaosema usalama kwanza wana haki. Tangu mwisho wa 2020 sekta ya Ruwenzori imezika watu wengi waliouawa na waasi wa ADF, na hakuna mzazi atakayeruhusu mtoto apande mlima bila uhakika. Basi ziara zisianze kabla njia haijahakikishwa, na wanafunzi wasiende bila walinzi.

Ila kupanga hakuhitaji kungoja. ICCN, wakuu wa shule na mashirika ya kiraia wanaweza kukubaliana tangu sasa: siku maalumu za wanafunzi, bila malipo, na vijana wa Mutwanga wafundishwe kuwa waongozaji. Siku amani itakaporudi, wa kwanza kupanda bonde la Butahu wawe wale wanaokunywa maji yake.