Askari na Warejee Mabwawani

Mabwawa ya kuogelea yaliyofungwa nchini Uganda wakati wa ugonjwa wa korona yamekwisha kufunguliwa zamani. Amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza mwishoni mwa Machi 2020, iliondolewa Januari 2022, na shule, ambazo zina sehemu kubwa ya mabwawa hayo, zilifungua milango yake mwezi huo huo. Lakini kufunguliwa kwa lango la bwawa ni jambo moja, na kurejea kwa mtu majini ni jambo jingine. Wapo askari wetu, wa jeshi na wa polisi, waliokuwa waogeleaji hodari kabla ya mwaka ule, na ambao tangu hapo hawajalowesha hata magoti. Ukiwauliza, watakujibu bila kusita kwamba kuogelea wanakujua. Jibu hilo ndilo linalotutia wasiwasi.

Hatumlaumu yeyote kwa kuacha. Siku zile askari ndio waliosimama vizuizini mchana na usiku, na hata kama bwawa lingekuwa wazi, nani angepata nafasi ya kwenda? Wala jambo hili halikuwa la kwetu peke yetu. Huko Uingereza mabwawa ya ndani yalifungwa Machi 2020, yakafunguliwa tarehe 25 Julai, kisha yakafungwa tena mwezi Novemba. Hata Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa kwa mwaka mzima, na waogeleaji mashuhuri wa dunia wakajikuta wakijifunga kamba kiunoni na kuogelea mahali pamoja katika vijibwawa vya nyuma ya nyumba. Hao ni watu ambao kazi yao ni kuogelea, na bado walijiona wageni majini waliporudi. Sembuse askari aliyekaa miaka mingi!

Yafaa ieleweke ni kitu gani hasa kinachopotea. Mikono haisahau. Mtu aliyejifunza kuogelea vyema, hata akikaa miaka kumi, akiingia majini ataelea na kusonga mbele. Kinachoondoka ni nguvu ya moyo na pumzi, nacho huondoka upesi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Edward Coyle, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya kuwapima wanamichezo waliokuwa wameacha mazoezi makali. Katika siku 21 za kwanza, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umepungua kwa asilimia 7, na baada ya siku 84 upungufu ulifika asilimia 16. Basi muogeleaji aliyeacha hubaki na ufundi wake wa zamani juu ya mwili usioweza tena kuubeba. Mita ishirini na tano za kwanza humdanganya, kwa kuwa humwendea vizuri kama zamani. Katikati ya za pili ndipo hewa humwishia, na hapo huenda yuko penye kina.

Wako watakaosema kwamba askari anayekimbia kila alfajiri hana haja ya mazoezi mengine. Kukimbia ni kuzuri na hatukudharau. Lakini mkimbiaji huvuta pumzi atakapo, na muogeleaji huivuta pale tu uso wake unapotoka majini. Misuli ya bega inayovuta maji haifanyi kazi hiyo barabarani. Tumewaona vijana wenye miguu ya chuma wakishindwa kumaliza urefu mmoja wa bwawa bila ya kushika ukingo.

Je, jambo hili linamhusu askari kwa nini, na si kazi yake kushindana kwenye mabwawa ya hoteli? Tazama ramani. Zaidi ya sehemu moja katika saba ya eneo la Uganda ni maji: Ziwa Victoria, Albert, Kyoga, Edward, George, na Mto Nile unaopita katikati. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha MV Templar kilizama Ziwa Victoria katika wilaya ya Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Miezi miwili tu kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Tena, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilianguka majini karibu na kiwanja cha Bukoba ikiwa na watu 43. Waliokufa ni 19, waliopona 24, na wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Wavuvi wale wanastahili heshima. Lakini mwananchi anapozama humwita mwenye sare. Hamuulizi kama ni wa kikosi cha majini au ni wa trafiki. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021 peke yake, na walio wengi mno walikuwa wa nchi kama zetu. Askari aliyejua kuogelea zamani ndiye atakayejirusha bila kufikiri. Asiyejua kabisa atatafuta kamba, au atapiga kelele kuita mtumbwi, na pengine kwa njia hiyo ataokoa roho mbili badala ya kupoteza mbili.

Kwa hiyo anayerejea na arejee kwa mpango. Siku ya kwanza asijipime. Aogelee urefu mmoja, apumzike mpaka pumzi imtulie kabisa, ndipo aanze mwingine. Nusu ya kile alichokuwa akikifanya zamani ni nyingi mno kwa juma la kwanza, robo inatosha. Mtindo wa chura na kuogelea chali ni vyema kuanza navyo, maana humpa mtu nafasi ya kupumua. Bega ndilo litakalolalamika kwanza. Kila mkono unapozungushwa, kano ndogo za ndani ya bega husuguana na mfupa, na mtu anayeogelea mita elfu moja huzungusha mikono yake mara mamia kwa mamia. Uchovu wa misuli baada ya zoezi ni jambo la kawaida na huisha kwa siku mbili. Maumivu makali mbele ya bega, yanayokuamsha usiku ukiulalia upande huo, si ushujaa kuyaficha. Yeye apumzike na aende kwa daktari wa kikosi. Mara tatu kwa juma, kidogo kidogo, ni bora kuliko Jumamosi moja ya kujiua.

Lipo jambo moja ambalo tunalikataza kabisa, nalo ni mashindano ya kubana pumzi. Askari hupenda sana mchezo huu, nani atakaa chini ya maji zaidi ya mwenzake. Kabla ya kuzama huvuta pumzi ndefu nyingi za haraka wakidhani wanajaza akiba. Hawajazi kitu. Kinachomlazimisha mtu kuibuka kutafuta hewa ni kuongezeka kwa hewa chafu ya kaboni dioksaidi mwilini, wala si kupungua kwa oksijeni. Pumzi zile za haraka huifukuza kaboni dioksaidi, na kengele ya hatari hukosa mlio. Oksijeni huisha wakati mtu bado anajiona yuko sawa, akili humpotea ghafla, na hufa pale pale bila kelele wala kupapatika, hata katika maji ya kimo cha kifua. Wenzake walio ukingoni huendelea kuhesabu dakika na kumpigia makofi. Wanaokufa namna hii mara nyingi ni waogeleaji wazuri, wenye afya na wenye bidii. Mkufunzi anayeruhusu mchezo huo na aondolewe bwawani.

Tunalo neno pia kwa maafande wetu wenye vyeo. Maji hayasomi nyota za mabegani. Meja aliyekaa miaka sita bila kuogelea ni kuruta mbele ya koplo anayeogelea kila juma, na hapana aibu akimtii koplo huyo kwa saa moja. Aibu ndiyo inayowazuia wengi wasirudi. Hawapendi kuonekana wakihema na kushika ukingo mbele ya vijana wao. Dawa yake ni nyepesi: watengewe saa yao wenyewe. Vivyo hivyo askari wa kike, ambao wengi wao hawakupata hata nafasi ya kuanza, wapewe saa yao na mkufunzi wao.

Bwawa lenyewe nalo likaguliwe. Bwawa lililokaa muda mrefu bila kutunzwa huota mwani, hugeuka kijani, na huzaa mbu wa malaria. Kulijaza maji mapya na kumwaga dawa siku moja hakutoshi, kwa kuwa mashine ya kuchuja inapaswa kufanya kazi na klorini ipimwe kila siku. Asiye na kipimo atumie macho: ikiwa sakafu ya mwisho wenye kina haionekani vizuri, asiingie mtu, kwani atakayezama hataonekana pia. Wanaokimbilia ziwani kwa kuwa ni bure wakumbuke kichocho, ambacho minyoo yake hupenya katika ngozi ya mtu anayesimama majini karibu na majani ya ufukweni. Kikosi kinachofanya mazoezi ziwani hakina budi kupimwa na kupewa dawa ya praziquantel kwa utaratibu wa waganga.

Baada ya miezi miwili au mitatu ya kuogelea kwa kaptula, ndipo yaje mazoezi ya sare. Suruali iliyolowa na buti huvuta miguu chini, na askari aliyezoea wepesi wa kaptula hushangaa kuona nusu ya nguvu zake imekwenda. Ajifunze kuvua buti huku akielea, na kuifunga suruali miguuni na kuijaza hewa iwe boya. Zaidi ya yote ajifunze kuokoa bila kushikwa. Mtu anayezama hukumbatia chochote, na humwangamiza mwokozi wake. Mti, kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, vyote hivyo vitangulie kabla ya mwili wa askari.

Haya yote yanahitaji maji, na mabwawa mengi nchini yako mikononi mwa hoteli, shule na vilabu. Kumwachia askari mmoja mmoja alipe kiingilio kutoka katika mshahara wake ni kumwambia asiende. Tunawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa polisi wa wilaya wazungumze na wenye mabwawa hayo. Asubuhi za siku za kazi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, mabwawa mengi ya hoteli hayana mtu, na mabwawa ya shule hukaa kimya wakati wote wa likizo. Orodha ya majina ifunguliwe katika kila kambi, iandikwe nani anaweza kuogelea mita mia bila kusimama leo hii, si mwaka 2019, na walio katika vituo vya ufukweni na visiwani wawe wa kwanza kupelekwa.