Mfipa na Msukuma: Tusipime Damu, Tupime Ardhi

Yako mazungumzo ambayo hurudi kila mwaka baada ya mavuno katika ofisi na vyumba vya walimu mkoani Rukwa, tangu Namanyere hadi Laela. Husemwa kwamba Mfipa ana ghala lililojaa lakini mfuko wake ni mtupu. Kwamba Msukuma hurudi kutoka mnadani na mabunda ya fedha, kisha akalala katika nyumba ya nyasi. Husemwa tena kwamba huyu amezubaa na yule ni mvamizi. Maneno hayo yakiishia kwenye kikombe cha chai hayana madhara makubwa. Yanapoingia katika jalada la mtumishi wa umma, au katika kinywa cha mwalimu aliye mbele ya darasa, hugeuka sumu.

Baada ya sensa ya mwaka 1967, taifa letu liliacha kumwuliza mwananchi kabila lake katika hesabu ya watu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na haifai kuurudisha nyuma. Hata hivyo, kuacha kuhesabu makabila hakukufuta tofauti za hali ya maisha kati ya jamii na jamii. Tofauti hizo zipo, na wananchi wanaziona kwa macho yao. Mtumishi anayekataa kuzitazama kwa kuogopa kuitwa mkabila huwaachia uwanja wale wanaozieleza kwa ujinga. Basi na tuzitazame, lakini tuulize zimetoka wapi.

Nyanda za juu za Ufipa, zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, hazikuwa nchi ya watu duni kabla ya ukoloni. Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu. Walifuma nguo za pamba. Na kwa kuwa nyanda zao hazina miti mingi ya kukata na kuchoma, walibuni kilimo cha intumba: mvua zikikaribia kwisha, majani hukusanywa na kufunikwa udongo kuwa matuta ya duara, yakaoza humo na kuwa mbolea, na msimu unaofuata matuta hayo hutawanywa ili ulezi upandwe. Huo ulikuwa utaalamu wa watu waliokusudia kukaa mahali pamoja.

Ukoloni ulipokuja ulizima malungu kwa majembe kutoka Ulaya, na ukaipa nchi hiyo kazi moja kubwa, nayo ni kutoa watu. Reli ya Kati ilipita mbali, na tawi lililojengwa baadaye kwa ajili ya madini liliishia Mpanda. Ufipa haukupewa reli wala zao kubwa la biashara, lakini kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu. Vijana wakafunga safari kwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali, na wengi waliorudi hawakuleta mtaji wowote wa kuanzia.

Usukuma ulipangiwa njia nyingine. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikapata mlango wa kwenda nje. Wakulima wakajenga vyama vyao vya ushirika, hata mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, ambalo lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika. Lakini mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake. Mashamba ya pamba yalikula malisho, na fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, ambao walihitaji malisho yale yale. Serikali ya kikoloni, kwa mpango wake wa Usukuma ulioanza mwaka 1947, ilijaribu kupunguza mifugo kwa amri, nao wananchi wakazichukia amri hizo. Watu na ng'ombe wakaendelea kuongezeka, na udongo ukaendelea kuchoka.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba, hasa kuanzia miaka ya 1970 na 1980, familia za Kisukuma zenye makundi ya ng'ombe zilishuka kusini kupitia Tabora na Mpanda, zikaingia katika Bonde la Ziwa Rukwa, nchi ya Wafipa na jirani zao Wawanda. Waliotoka katika nchi yenye reli na ushirika wakahamia katika nchi isiyo na reli. Hakuna mtu anayefanya safari ya namna hiyo kwa kupenda uvamizi. Walifuata majani na maji.

Na Ufipa nao katika miaka hiyo ulikuwa umeamka. Mwito wa Siasa ni Kilimo ulitolewa Iringa mwaka 1972, na mkoa wa Rukwa ukaundwa mwaka 1974. Katikati ya muongo huo serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Kwa bei hiyo mkulima wa Sumbawanga, pamoja na umbali wake kutoka Dar es Salaam, aliliuzia Shirika la Usagishaji la Taifa kama mwenzake aliye jirani na soko. Rukwa ukahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya chakula. Bei hiyo ilipoondolewa katika miaka ya 1980, gharama ya umbali ilirudi mabegani mwa mkulima, na barabara ya lami kutoka Tunduma ilikuja kukamilika katika miaka ya 2010 tu.

Hapa ndipo penye kiini cha tofauti inayozungumzwa kwenye chai. Gunia la mahindi haliwezi kujipeleka mnadani; ng'ombe huenda kwa miguu yake. Mahindi huuzwa na wote kwa wakati mmoja, bei ikiwa chini na deni la mbolea likisubiri. Ng'ombe anaweza kungoja hadi mwenyewe aone bei inafaa. Mahali penye barabara mbovu, mali inayotembea huishinda mali inayobebwa. Mfipa hakushindwa kwa uvivu, na Msukuma hakufanikiwa kwa ujanja wa kuzaliwa. Kila mmoja ameshika mali ambayo historia ilimwachia, na soko limeipa mali moja miguu na kuinyima nyingine.

Lakini mwenye ng'ombe naye ana unyonge wake. Mali yake inategemea ardhi ambayo mara nyingi hana haki nayo iliyoandikwa. Anaweza kukaa kijijini miaka mingi bila kusikilizwa katika mkutano wa kijiji. Ugonjwa mmoja au faini moja huweza kuipunguza zizini mwake hazina ya miaka. Makazi yake yametawanyika, na kwa hiyo shule na zahanati viko mbali naye, tofauti na Mfipa ambaye tangu zamani amezoea kuishi katika vijiji vilivyokusanyika. Tena tuwe wakweli kuhusu yaliyomo ndani ya nyumba zote mbili. Aghalabu mke wa mwenye zizi kubwa hana idhini ya kuuza hata ndama, na mke wa mwenye ghala kubwa huyaona magunia aliyoyalima yakipakiwa bila yeye kuulizwa bei.

Ndugu zetu wanaobishana ni nani tajiri wangefanya vema kuzitazama takwimu. Katika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18, Rukwa ulikuwa na kiwango cha umaskini cha asilimia 45 hivi, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa asilimia 26.4. Na mkoa wa Simiyu, ulio katika moyo wa Usukuma, nao ulikuwa juu ya wastani huo. Maana yake ni kwamba wenyeji na wageni wanaozozana katika bonde wametoka katika nchi mbili za wanyonge. Wanagombania mkeka mmoja uliochakaa.

Liko jambo jingine linalotuaibisha sote zaidi. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 49.8, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mkoa unaolisha mikoa mingine una nusu ya watoto wake waliodumaa! Sababu ni nyingi: maradhi, maji machafu, mama kulemewa na kazi, na mtoto kulishwa uji wa mahindi matupu. Lakini katika bonde hilo hilo kuna maziwa upande mmoja wa njia, na mahindi na maharage upande wa pili. Wakulima na wafugaji wanaoonana kwenye baraza la usuluhishi kwa ajili ya shamba lililoliwa wangeweza kuonana sokoni, na watoto wa pande zote mbili wangenufaika.

Kwa nini hawaonani huko? Kwa sababu ardhi haijapangwa. Watu wa Rukwa walikuwa 1,004,539 katika sensa ya mwaka 2012, na 1,540,519 katika sensa ya mwaka 2022. Ardhi haikuongezeka hata eka moja. Zaidi ya hayo, wako viongozi wa vijiji waliozoea kumpokea mgeni usiku kwa bahasha na kumkana mchana kwa maneno ya uzalendo. Mwenye mifugo huoneshwa eneo na mtu mmoja, bila mkutano wala muhtasari. Miaka miwili baadaye mpunga unaliwa, fimbo na mapanga yanatoka, na aliyepokea bahasha anasimama mbele ya umma kulaani kabila zima. Huo ni unyonyaji wa aina mbili kwa pamoja, maana amemnyang'anya mgeni fedha na mwenyeji ardhi.

Tumejaribu pia njia ya nguvu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa katika bonde la Ihefu, na wengi wakasogea na ng'ombe wao kwenda mikoa mingine, tatizo likasafiri pamoja nao. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyokusudiwa kuwakomesha majangili, ilisitishwa baada ya malalamiko mazito ya wananchi, wakiwamo wafugaji, kuhusu mateso na upotevu wa mifugo. Hifadhi zetu lazima zilindwe, likiwamo Pori la Akiba la Uwanda lililo kando ya Ziwa Rukwa. Lakini kumfukuza mtu bila kumwonesha pa kwenda ni kumhamishia jirani mzozo.

Wafipa wana simulizi ya kale inayofaa kukumbukwa hapa. Yasemekana kwamba wanawake watatu wageni, Watwa, walifika Milansi wakati mtawala wa huko amekwenda kuwinda, wakakalia kiti chake. Aliporudi, mambo yalikuwa yamekwisha. Kutokana na wageni hao ukatokea ukoo uliotawala Nkansi na Lyangalile, lakini Milansi ikabaki na heshima yake ya kimila, na watawala wapya hawakuweza kuipuuza. Simulizi hiyo ina mafunzo mawili. Mwenyeji anayekwenda kuwinda bila kuacha nyumba katika utaratibu asishangae kukuta kiti kimekaliwa. Na mgeni, hata akiwa na nguvu, hakai kwa amani bila kuitambua heshima ya aliyemkuta. Leo aliyekwenda kuwinda ni serikali ya kijiji isiyopanga ardhi yake, pamoja na ofisi ya juu isiyoikagua.

Utaratibu wenyewe hautukosi. Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na imefungua mlango wa makubaliano ya wakulima na wafugaji kutumia ardhi kwa pamoja. Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 inaelekeza mipango ya matumizi ya ardhi. Haki ya raia kuishi atakako na haki ya kijiji kuamua juu ya ardhi yake hazipingani, ikiwa tu zinakutana mezani mchana.

Kwa hiyo watumishi wa umma wana wajibu ulio wazi. Afisa kilimo na afisa mifugo wakae katika mkutano mmoja wa kijiji, kila mmoja asije na wateja wake. Mashamba, malisho, njia za mifugo na mahali pa kunyweshea vitengwe kwa ramani, na kila kaya, ya mwenyeji na ya mhamiaji, iandikwe pamoja na haki zake na idadi ya mifugo inayoruhusiwa. Majalada yetu yaonyeshe eka, mifugo na umbali wa kwenda shule. Neno la kabila halimsaidii mtu kuchimba lambo.

Na walimu wana wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu wao huwapokea wote wawili kabla hawajajifunza kudharauliana. Mtoto mmoja huja na Kifipa, mwingine na Kisukuma. Kiswahili ni chao wote. Mmoja hukosa masomo kwa kuchunga, mwingine kwa kulinda shamba dhidi ya ng'ombe wa baba wa mwenzake. Mwalimu akimwita mmoja mchungaji na mwingine mchawi, kwa kejeli zile tulizozizoea nchini, amepanda mbegu ambayo mkuu wa wilaya atakuja kuivuna kwa polisi.

Tulijenga taifa hili kwa kukataa kumpima binadamu kwa ukoo wake. Kazi iliyobaki Rukwa ni ngumu zaidi na haina makofi mengi: kupima ardhi, kijiji kwa kijiji, mbele ya watu wote, na kusimamia yaliyokubaliwa. Anayeikwepa kazi hiyo asitafute kabila la kulaumu.