Sinema Hazikuuawa na Video Peke Yake

WIKI hadi wiki ukurasa huu hushughulika na bei za mazao na viwango vya kubadilishia fedha. Leo tunaomba ruhusa ya msomaji tuzungumzie bidhaa isiyopimwa kwa gunia wala kwa debe: kiti cha sinema.

Mkazi wa zamani wa Dar es Salaam atakuhesabia kwa vidole: Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo, New Chox. Upande wa Msasani kulikuwa na Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao. Ukimwuliza sinema hizo zilikwenda wapi, atakujibu kuwa ziliuawa na video na televisheni.

Jibu hilo ni nusu ya hesabu. Ni kweli kwamba kanda za video zilipoingia miaka ya 1980, kanda moja ya kukodi ilitosha nyumba nzima na majirani. Lakini vituo vya televisheni Tanzania Bara vilianza mwaka 1994, na kufikia hapo kumbi nyingi zilikuwa zimeshachoka. Nani alizichosha?

Nusu ya pili ya hesabu imo katika hati ya nyumba. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo ya sinema nayo yalikumbwa. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi ya Msajili ikahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Aliyejenga ukumbi akawa mpangaji ndani yake.

Mfanyabiashara yeyote anajua maana yake. Sinema inadai paa zima, viti vizima na mitambo inayotunzwa. Mpangaji asiye na uhakika wa kesho hatumbukizi fedha kwenye paa la mwingine, wala benki haipokei jengo la mwingine kuwa dhamana yake. Ongeza kwamba filamu ziliagizwa kupitia Kampuni ya Filamu Tanzania, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu. Mwenye sinema akawa anauza bidhaa asiyoichagua, katika duka lisilo lake.

Drive-In ina somo lake. Biashara hiyo hutaka eneo kubwa, na eneo hilo hufanya kazi saa chache za usiku tu. Mchana kutwa limelala. Ardhi ikiwa rahisi, pembezoni mwa mji, hesabu inakubali. Mji ukikua na kulizunguka, hesabu inakataa. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, Wamarekani walihitaji kiwanja kikubwa. Ubalozi mpya, uliofunguliwa mwaka 2003, ulijengwa pale pale palipokuwa na Drive-In.

Hata kwa Wamarekani wenyewe mambo yalikwenda hivyo. Sinema ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Camden, New Jersey, mwaka 1933. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa kama 4,000. Leo zimebaki mia chache tu. Bei ya ardhi ilichangia sana kuziondoa.

Wapo watakaosema: basi soko liachwe liamue. Hatuna ugomvi na soko. Ugomvi wetu ni na hesabu pungufu. Mwenye jengo huhesabu pango la kila mita ya mraba. Hahesabu muuza karanga, muuza mishikaki, dereva wa teksi na mgahawa wa jirani, ambao wote walisubiri filamu iishe. Ukumbi ukigeuzwa ghala, mtaa mzima hufunga saa kumi na mbili jioni, na maduka ya jirani hupoteza wateja wa usiku.

Kugeuza matumizi si lazima kuwe kuua. Jijini Nairobi, sinema ya Shan ya Ngara iligeuzwa kuwa Sarakasi Dome, ukumbi wa sanaa na maonyesho. Jengo lilibadili mwenyewe, lakini watu bado waliingia kwa tiketi.

Maoni yetu ni haya. Shirika au halmashauri yenye ukumbi wa zamani usiogeuzwa itoe mkataba wa muda mrefu, wa miaka ambayo benki inaweza kuikopesha. Mpangaji aruhusiwe kuweka maduka mbele na ukumbi nyuma, ili mchana ulipie usiku. Na mwekezaji anayetaka kufungua sinema asianze kwa kuuliza bei ya mtambo. Aanze kwa kuuliza ardhi ni ya nani, na kwa miaka mingapi.