Bilauri Haina Jicho



Jioni moja nyumbani kwetu mgeni alimiminiwa chai ya tangawizi iliyotoka motoni, katika bilauri mpya, nene, ya kupendeza. Ikalia ta! ikapasuka pande mbili, chai ikatapakaa mkekani. Alhamdulillahi, hakuna aliyeungua. Ila kabla mkeka haujafutwa, jamaa mmoja alikwisha kunong'ona kwamba mgeni yule, aliyeisifu bilauri punde tu, ana jicho. Mgeni alisikia. Hakukaa hadi Isha.

Wiki hii tumeona tumtetee, na shahidi wetu awe bilauri yenyewe.

Asili ya kioo ni mchanga mweupe, silika, ulioyeyushwa ukapoa kabla chembe zake hazijawahi kujipanga. Ndani yake kila chembe ya silikoni hushikana na nne za oksijeni, na fungu hilo hushikana na jingine, mithili ya wavu uliosukwa bila mpango. Mchanga mtupu hauyeyuki mpaka moto ukaribie nyuzi 1,700 za sentigredi, nao si moto wa tanuri la kawaida. Kwa hiyo mafundi tangu kale huongeza magadi. Oksidi ya sodiamu itokayo humo hukata baadhi ya nyuzi za wavu, na mchanga ukayeyuka kwa moto wa chini zaidi. Magadi ya Ziwa Magadi, hapa Kenya, huuzwa kwa viwanda vya kioo, na mengi yamepitia bandari yetu ya Mombasa.

Lakini wavu uliokatwakatwa ni dhaifu. Kioo cha mchanga na magadi pekee huyeyuka majini! Chokaa, yaani oksidi ya kalsiamu, ndiyo inayokipa uimara. Bilauri nyingi za madukani ni za namna hii: takriban asilimia 70 silika, 15 oksidi ya sodiamu, 10 chokaa. Ule ukijani uonekanao ukingoni ni oksidi ya chuma iliyokuja na mchanga.

Chokaa hata hivyo haiponyi kila kitu. Wavu uliokatwa hutanuka sana upatapo joto. Chai ikimiminwa, upande wa ndani hutanuka papo hapo, na wa nje ungali baridi, maana kioo hupitisha joto polepole. Ndani husukuma, nje hukataa, bilauri hupasuka. Wengi wetu hudhani unene ni usalama; kwa chai ya moto ni kinyume chake, kwa kuwa joto huchelewa zaidi kuufikia upande wa nje.

Katika miaka ya 1880, huko Jena, Ujerumani, Otto Schott alipunguza magadi na chokaa akatia oksidi ya boroni, ambayo hujisuka ndani ya wavu badala ya kuukata. Kioo hicho hutanuka kiasi cha theluthi moja tu ya kile cha kawaida, ndiyo maana hutumiwa katika maabara. Anunuaye bilauri za chai na atafute neno borosilicate juu ya boksi. Asiyekuwa nazo azipashe kwanza kwa maji ya uvuguvugu.

Tungeishia hapa, lau si lile jagi la kristali kabatini, lililo zito, linalometameta na kulia kama kengele likigongwa. Vyote hivyo huletwa na oksidi ya risasi, ambayo George Ravenscroft wa London alianza kuitia katika kioo chake miaka ya 1670. Barani Ulaya kioo hakiitwi kristali ya risasi mpaka kiwe na asilimia 24 ya oksidi hiyo. Risasi haikai kimya ndani ya kioo: kitu kichachu huitoa kidogo kidogo. Mwaka 1991 watafiti wa New York walipima mvinyo uliohifadhiwa miezi kadhaa katika vyombo vya kristali, wakaukuta umejaa risasi. Sisi hatuna haja na mvinyo. Lakini maji ya ukwaju na ya ndimu nayo ni machachu, na wakati wa mfungo huandaliwa mapema yakangoja adhana. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Jagi la kurithi litiwe asumini, wala lisihifadhi kinywaji.

Mgeni wetu tulimfuata kwake asubuhi ya pili kumwomba radhi, tukamweleza habari ya magadi na chokaa. Alicheka, akatuandalia chai, katika vikombe vya kauri.