Mwalimu mpya akifika kijijini



Juma hili tuongee juu ya walimu vijana wanaofika katika shule zetu hapa Isangi. Wengi wao hawakusomea ualimu. Walimaliza sekondari katika masomo mengine, kazi ikakosekana, wakaomba darasa. Tena wengine ni wale wanaoitwa NU, «nouvelles unités»: hawajapata namba ya mshahara, basi Serikali haiwalipi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Serikali ni bure. Tangu Septemba 2019 tuliambiwa tuache kulipa feza za mwalimu, na tulifurahi, zaidi kwa ajili ya binti zetu. Lakini mwalimu asiye na namba anakula nini? Anaenda kuvua, anaenda shamba, mwishowe anapanda mtumbwi kurudi Kisangani katikati ya mwaka. Darasa la kwanza, pale mtoto anajifunza kusoma, linabaki bila mtu.

Tufanye nini? Tusirudishe malipo ya zamani kwa jina jipya. Mtoto asifukuzwe kwa sababu mama yake hakuleta kitu. Lakini haya tunaweza:

Kwanza, apate pa kulala, na jirani mwema. Kikundi chenye shamba kinaweza kumwonyesha kipande alime mihogo yake mwenyewe. Binti akija kufundisha, akae kwa mama anayeheshimika.

Pili, komite ya wazazi imuulize direkta mbele ya wote: faili ya mwalimu huyu imetumwa? Imefika wapi? Waulize tena kila muhula.

Tatu, tuombe mwalimu mzee amruhusu kijana akae darasani mwake, aone namna ya kushika watoto wengi wenye kitabu kimoja. Hilo haliombi hata franga moja.

Nne, lugha. Watoto wetu wanaingia na Kilokele ao Kitopoke. Mwalimu wa mjini anakuja na Lingala, Swahili na Kifaransa. Tumfundishe maneno ya nyumbani. Mtoto akiitwa kwa lugha ya mama yake, anajibu.

Mwalimu akikaa mwaka mzima, watoto wanasoma mwaka mzima. Basi katika mkutano wa kikundi chenu juma hili, ulizaneni: mwalimu wetu mpya analala wapi, na faili yake iko wapi?