Si kila kazi ya mikono ya akina mama iwe mradi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda wasomaji wengine wataliona dogo. Jambo lenyewe ni kushona mifarishi ya viraka na kupika chakula cha nyumbani, kazi ambazo akina mama wengi tunazifanya jioni, shughuli nyingine zikishakwisha, kwa sababu tunazipenda. Ninaandika kwa kuwa nimeona kazi hizi zikifa mikononi mwa watu wenye nia njema, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Nilizaliwa Kisarawe, nikaolewa Kibaha, na hapa Kibaha ndipo ninapoishi hadi leo. Kushona nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, wakati nguo zilipokuwa haba na watu wakishinda kwenye foleni kwa ajili ya doti moja ya kanga, ingawa kiwanda cha Urafiki kilikuwapo pale Ubungo tangu mwaka 1968. Siku hizo bibi hakutupa kitambaa. Kanga iliyochakaa katikati alikata pembe zake nzuri akaziweka. Shati la babu lililochanika kwapa lilitoa vipande vya mgongo. Vipande hivyo aliviunga vikawa uso wa mfarishi, katikati akaweka blanketi kuukuu, chini akatia shuka la zamani, kisha akapiga bandi pote ili matabaka yasihame. Sisi wajukuu tulilala chini ya mifarishi hiyo wakati wa masika, na kila mmoja aliweza kuonyesha kiraka kilichokuwa gauni lake.

Nilipokuwa mtu mzima niliendelea na kazi hiyo kwa kujifurahisha. Siku hizi viraka havina shida, kwani kila fundi cherehani jioni hufagia vipande vya vitenge akavitupa. Mimi huenda na kiroba nikaviomba. Nikifika nyumbani navichambua, pamba peke yake na nailoni peke yake, kwa sababu vikichanganywa kimoja huvuta na kingine hakivuti, na mfarishi hukunjamana ukifuliwa mara ya kwanza. Kisha nafua vyote kabla ya kukata, ili chenye kuchuja rangi kichuje mapema. Kwa kitanda cha futi nne kwa sita nakata viraka vya inchi saba kila upande, nusu inchi iende kwenye mshono kila pembeni, vibaki vya inchi sita. Hapo unahitaji viraka 96, nane kwa upana na kumi na viwili kwa urefu. Hesabu hiyo nimewafundisha watoto wengi wa jirani ambao shuleni walikuwa wakiogopa hesabu.

Miaka kadhaa iliyopita tulianza kukutana kila Jumamosi alasiri barazani kwangu. Tulikuwa akina mama kumi na mmoja. Kila mtu alikuja na sindano yake na chochote alichokuwa nacho cha kutia chunguni. Huku tukishona, chungu kilikuwa jikoni. Leo kisamvu cha nazi, kesho magimbi, wiki nyingine mmoja akituonyesha mkate wa kumimina wa kwao. Mabinti walikuja wakakaa pembeni, na vijana wawili wa kiume pia wakajifunza, mmoja wao akawa hodari wa bandi kutupita sisi. Hatukuwa na mwenyekiti wala mhasibu. Aliyefiwa tulijua mapema, na mgonjwa tulimpelekea uji.

Ndipo yakaja mashauri. Mtu mmoja aliyekuwa akipita kuhamasisha vikundi alituona, akatuuliza tunapata faida kiasi gani. Tukacheka. Akatuambia tunapoteza muda, kwamba mikono kama hii ingeweza kutajirisha kaya kumi na moja, na kwamba tukifanya kikundi rasmi tutapata mkopo. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Wala sisemi kwamba alitulazimisha, kwa maana mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu. Tuliandika katiba, tukachagua viongozi, na kwa kuwa tulikuwa na haraka tukakopa kwa mkopeshaji wa mtaani, ile mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Tukanunua vyerehani viwili na majora ya vitenge vipya, kwani tuliambiwa mteja hataki viraka vya kuokota.

Mhariri, mfarishi mmoja wa kushonwa kwa mkono hunichukua karibu miezi miwili ya jioni. Hata kwa cherehani haukwishi kwa siku mbili tatu. Mteja anayeweza kununua blanketi jepesi kutoka nje kwa bei ndogo hatalipa jasho la siku zote hizo. Marejesho yalikuwa kila wiki. Tukaanza kushona kwa hofu, mishono ikawa mibaya, na chungu cha Jumamosi kikaondolewa kwa sababu kilitupotezea muda. Mabinti tuliwaambia wasishike vitambaa wasije wakaviharibu. Baada ya miezi saba tuliuza vyerehani vyote viwili kwa hasara, tukachanga kilichobaki, deni likaisha. Lakini wenzangu wawili hawaongei mpaka leo, na baraza langu Jumamosi liko tupu.

Ningekuwa nimeyanyamazia hayo, kama si jambo lililotokea mwaka uliofuata. Nilikwenda kwetu Kisarawe kwa shughuli ya kifamilia. Nikakuta mke wa mpwa wangu, msichana mwema na mchapakazi, amewapikia watoto bada la unga wa muhogo. Usiku mtoto mdogo akashikwa na kizunguzungu, akatapika, akalia kichwa. Tulimkimbiza zahanati, na namshukuru Mungu alipona. Nilipomuuliza mama yake alivyoutengeneza unga ule, alisema muhogo aling'oa juzi, akaumenya, akauanika kutwa moja, akautwanga. Ulikuwa muhogo mchungu. Hakujua kwamba muhogo wa namna ile una sumu, na kwamba ni lazima umenywe, ulowekwe majini kama siku tatu hadi ulainike, kisha uanikwe hadi ukauke kabisa ndipo utwangwe. Kwa bibi yangu hilo lilikuwa jambo la kawaida kama kuosha mikono.

Sikumlaumu. Nilimuuliza nani angemfundisha. Mama yake alikuwa mjini akifanya biashara, bibi yake amefariki, shuleni hakuambiwa. Muhogo huo huo uliwahi kuleta msiba mkubwa katika nchi yetu. Mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walipokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa siku za kutosha, ulizuka ugonjwa uitwao konzo. Ugonjwa huo hukakamaza miguu kwa ghafla, na aliyepatwa hubaki mlemavu maisha yake yote. Wengi wa wanaoshikwa nao huwa ni akina mama na watoto. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba maarifa ya jikoni ni mambo ya kupitisha wakati tu. Hata kisamvu, ambacho kila mtu anakipenda, kinataka kutwangwa na kuchemshwa vizuri kabla ya kutiwa tui, kwani sumu iko hata kwenye majani.

Mambo haya mtu hajifunzi kwenye semina ya siku moja. Hujifunza kwa kukaa karibu na anayejua, mikono ikiwa na shughuli na mdomo ukiwa huru. Baraza letu la Jumamosi lilikuwa mahali hapo. Laiti lingekuwapo na Kisarawe, binti yule angesikia habari ya kuloweka muhogo kabla hata ya kuolewa. Sisi tulilibadilisha baraza kuwa karakana, na karakana ilipofungwa hatukuweza tena kulirudisha.

Najua wapo watakaosema kwamba kushona na kupika kwa kujifurahisha ni anasa ya wenye nacho, na kwamba mwananchi wa kawaida anahitaji fedha. Nawajibu kwamba mifarishi ya bibi yangu ilishonwa na mtu asiye na kitu. Hakuiuza hata mmoja, lakini hakununua blanketi kwa miaka mingi. Fedha ambayo haikutoka mfukoni ni fedha pia, ingawa haiandikwi kwenye daftari la mapato.

Wala hili si letu peke yetu. Kule Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, ambako wakazi wake wengi ni kizazi cha watumwa waliolima pamba. Akina mama wa huko walishona mifarishi ya viraka kwa nguo kuukuu za shamba ili watoto wasipatwe na baridi. Mwaka 1966 akina mama wa sehemu hiyo walianzisha ushirika wao wa kuuza mifarishi, na ushirika huo uliwapatia kipato, lakini iliwabidi kufuata vipimo na mitindo ya maduka makubwa yaliyowapa kazi. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilianza kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa, ikiwa ni pamoja na New York, na mwaka 2006 picha zake ziliwekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Iliyowashangaza watu ni ile waliyoishona kwa ajili ya vitanda vyao wenyewe, kila mama kwa akili yake, bila kufuata oda ya mtu.

Nisieleweke vibaya. Sipingi biashara wala mikopo. Anayetaka kufanya biashara ya kushona afanye, na asikimbilie kausha damu kama tulivyofanya sisi. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hiyo ndiyo njia ya kuuliza kwanza. Ninachopinga ni tabia ya kuona akina mama wamekaa pamoja na kudhani kwamba lazima wageuzwe kuwa mradi. Wanaume wanaocheza bao chini ya mwembe sijaona mtu akiwaandikia katiba.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wahusika. Sisi wa Kibaha tunalo Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, na kukabidhiwa kwa serikali yetu tarehe 10 Januari, 1970. Ndani yake kuna chuo cha maendeleo ya wananchi. Vyuo vya namna hiyo vilianzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, na mizizi yake iko Denmark, ambako cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1844. Tangu huko mwanzo nia yake ilikuwa watu wazima wakae pamoja wajifunze bila kutishwa na mtihani. Najua vyuo hivi leo vinafundisha ushonaji na upishi kwa wanaotafuta ajira, na hilo ni jema. Naomba viongeze jambo moja lisilo na gharama kubwa. Chumba kimoja kifunguliwe Jumamosi alasiri, aje yeyote na sindano yake au na sufuria yake, mzee na kijana, mke na mume, asiulizwe cheti wala faida. Wazee wanaojua kuandaa muhogo, kukamua tui na kushona viraka waalikwe kama walimu.

Kwa ndugu zangu wa Kisarawe, na kwa wananchi wengine walio mbali na vyuo, naomba tusingoje chuo. Baraza linatosha. Kina bibi waliobaki tuwatembelee tukiwa na binti zetu na wana wetu wa kiume, tuwaombe watuonyeshe.

Mimi nimeanza upya. Mke wa mpwa wangu sasa anakuja Kibaha kila mwisho wa mwezi, na tumefikisha viraka 60 kati ya 96. Mfarishi huo ni wa mtoto yule aliyeugua. Jumamosi iliyopita mmoja wa wale wenzangu wawili wasioongea alipita njiani, akasimama, akauliza kama tuna uzi mweupe wa ziada. Nilimwambia upo, akaingia.

Naomba kutoa hoja.

Mama Viraka,
Kibaha, Pwani