Kipimo cha Apolo

Mtu akirudi kwao baada ya kazi ya miaka mingi, jirani zake humpima upesi. Hutazama kama nyumba yake imeezekwa kwa bati au kwa nyasi, huhesabu ng'ombe wake, huuliza cheo chake na mshahara wake. Kipimo hicho si kigeni. Katika Buganda ya zamani kilikuwako pia, na mtu mmoja aliyekikataa alikuwa Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa yapata mwaka 1864. Katika ujana wake alikuwa askari, akapigana vita vya siku zile. Alibatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata akavuka mto Semliki, akaenda kufundisha dini huko Mboga, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Ituri, nchi ambayo baadaye ilihesabiwa kuwa ya Kongo.

Wakati ule Mganda aliyejua kusoma alifunguliwa milango mingi. Wakristo wengi walipewa utawala. Mapatano ya mwaka 1900 baina ya Uingereza na Buganda yalitenga maili za mraba 8,000 za ardhi kwa wakuu na watu wengine wapatao 1,000, nao wakawa na mali ya kuwarithisha wajukuu wao. Mwaka ule ule Apolo aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Wenzake walihesabu maili. Yeye alihesabu wanafunzi wa kusoma.

Huko Mboga hakupokewa kwa shangwe. Mtawala wa mahali pale, Tabaro, alichukizwa na mafundisho yake. Apolo alipigwa vibaya, na dada yake Tabaro alipokufa kwa kuchomwa na mkuki kwa ajali, mwalimu akasingiziwa kifo hicho, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani. Alipofunguliwa angaliweza kurudi kwao Buganda, wala hapana ambaye angalimlaumu. Lakini alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliomshitaki. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Si kwamba mali ni dhambi. Mkulima atunzaye shamba lake na kuvuna vizuri anastahili sifa, na karani apandishwaye cheo kwa bidii yake ana haki ya kufurahi. Swali ni hili: cheo na imani vikigombana, ni kipi kitakachoachwa? Karani huletewa hati ya uongo aitie sahihi, na aliyeikataa huona mwenzake akipanda ngazi mbele yake. Mkulima hukataa kutia mawe katika gunia la mahindi, na jirani yake hupokea fedha nyingi zaidi. Siku kama hiyo maneno ya kanisani hayatoshi; huonekana wazi mtu amejipima kwa kipimo gani.

Jambo zito zaidi ni kwamba mwaminifu hana ahadi ya kuyaona mavuno yake. Kazi ya Apolo miongoni mwa Wambuti, watu wa msituni, ilikuwa bado changa uzee ulipomkuta. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei, 1933. Miaka 39 baada ya kufa kwake, mwaka 1972, mahali pale palifanywa makao ya dayosisi. Yeye hakuliona jambo hilo, wala hakulingoja ndipo afanye kazi.

Kabla ya kufa aliacha agizo moja. Desturi ilikuwa Mganda alazwe kaburini kichwa chake kikielekea kwao, mashariki. Apolo aliomba chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko kazi ilikuwa haijakwisha. Aliyeishi bila kuhesabu maili za ardhi hakuhitaji ila futi chache, naye alijua zielekee wapi.